Kwati, isiyo na chaji, au zote ndani ya dumu moja? Ulinganisho kwa wachanganyaji wa sabuni

Nina madumu matatu yaliyopangwa ukutani katika chumba changu cha kazi hapa Moshi. La kwanza limeandikwa BKC kwa kalamu nene, la pili AE, la tatu, ambalo ni mchanganyiko wa hayo mawili, lina alama ya kujumlisha tu. Wenye saluni, wasimamizi wa gesti, akina mama wa maziwa kutoka Kibosho na Machame, wote wakiingia huanza na swali hilohilo: "Mwalimu, lipi kali zaidi?" Nilifundisha kemia sekondari kabla sijahamia kwenye madumu, na jina limenigandia. Jibu langu huwaudhi wengi, maana nawarudishia swali: unataka kuua, au unataka kuosha?

Sikwepi swali. Safaktanti, yaani zile kemikali zinazoipa sabuni nguvu ya kuosha, zikishaingia kwenye maji hugawanyika. Nyingine hutembea moja moja, nyingine hujikusanya vikundi. Zinazotembea moja moja ndizo zinazoua vijidudu, zilizojikusanya ndizo zinazobeba mafuta. Ukilichanganya dumu la kwanza na la pili, unazitoa molekuli upande mmoja na kuzipeleka mwingine, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanahesabu gramu walizomimina, hawahesabu ni ngapi zimebaki huru.

Nani yumo kwenye dumu

Molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa kimafuta unaoyakimbia. Tofauti ya madumu yangu iko kichwani.

BKC, yaani benzalkoniamu kloraidi, ina kichwa cha naitrojeni chenye chaji chanya. Ndugu zake ni setrimoniamu kloraidi inayotiwa kwenye kondishena za nywele, na setrimoniamu bromaidi inayopendwa na watu wa maabara. Familia nzima tunaiita kwati. Uwezo wake wa kuua vijidudu ulitangazwa mwaka 1935 na Gerhard Domagk wa Ujerumani, daktari yuleyule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya 1939 kwa kazi yake ya dawa za salfa.

AE ni etoksileti ya alkoholi. Mkia wake una kaboni 12 hadi 14, na kichwa chake ni mnyororo mrefu wa vipande vya etilini oksaidi, mara nyingi saba au tisa. Haina chaji yoyote. Kama unatengeneza sabuni ya maji nyumbani, ndugu yake umeshamshika mkononi: ile CDE ya njano, nzito kama asali, unayotia ili povu likae, nayo iko kwenye familia ya zisizo na chaji.

Salfoniki na slesi, malighafi za kawaida za sabuni ya maji, sizipangi kwenye ukuta huu. Zina chaji hasi, na sababu yangu unaweza kuiona kwa macho. Weka kijiko cha slesi kwenye glasi ya maji na uikoroge hadi iyeyuke, kijiko cha BKC kwenye glasi nyingine. Zote mbili ni angavu, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Sasa mimina moja ndani ya nyingine. Papo hapo maji hugeuka meupe kama yaliyooshewa mchele, na ukisubiri kidogo utaona mabonge yakijitenga kama maziwa yaliyokatika. Chanya imeshikana na hasi, vichwa vimefichana, maji hayana pa kushika tena.

Kijana mmoja wa Arusha aliwahi kumimina BKC kwenye pipa la lita 200 la sabuni ya slesi ili, kwa maneno yake, "iwe na dawa". Alinipigia saa moja asubuhi. "Mwalimu, shikamoo, sabuni imekatika!" Nilimwambia aikoroge, nikijua wazi kwamba haisaidii. Hakukuwa na cha kuokoa. Haikuwa sabuni tena na dawa ilikuwa imeshafungwa. Kwa hiyo ulinganisho huu unahusu kwati na isiyo na chaji tu. Hizo zinaweza kulala dumu moja bila kugombana.

Kwa nini nusu kwa nusu haileti nusu

Kila safaktanti ina kizingiti. Chini yake, molekuli huelea moja moja, nyingine zikipanda na kujipanga juu ya uso wa maji. Ukikivuka, karibu kila unachoongeza hujikusanya kuwa miseli, kitufe kisichoonekana kwa macho, mikia ndani na vichwa nje. Wazo hili alilileta mwanakemia James McBain mwaka 1913, na wenzake hawakulipokea kwa haraka.

Kizingiti cha setrimoniamu bromaidi kwenye nyuzi 25 ni karibu milimoli (kipimo cha idadi ya molekuli) 0.9 kwa lita, sawa na theluthi moja ya gramu. Cha Triton X-100, isiyo na chaji inayotumika sana maabara, ni karibu 0.24. Pengo hilo linatokana na ugomvi wa vichwa. Vichwa vya kwati vyote vina chaji moja, kwa hiyo vinasukumana, na kuvikusanya ni kama kuwaketisha ndugu wanaogombea kihamba, shamba la ukoo, kwenye benchi moja. Itabidi wawe wengi na wabanwe hasa ndipo wakubali. Isiyo na chaji haina kesi na mtu, hukusanyika mapema.

Sasa zichanganye, molekuli kwa molekuli. Mtu angetarajia kizingiti cha katikati, kama 0.57. Hesabu ya kawaida haisemi hivyo. Unachukua nusu ukagawanya kwa 0.9, nusu ukagawanya kwa 0.24, ukajumlisha, kisha ukagawanya 1 kwa jibu hilo. Inatoka 0.38. Yaani anayekusanyika kirahisi ndiye anayeuvuta mchanganyiko kwake. Na ukipima kweli, kwa kawaida unakuta chini hata ya hapo, kwa sababu isiyo na chaji hujipenyeza katikati ya vichwa vya kwati. Ni yule mjomba asiye na upande aliyeketi kati ya ndugu wawili: wakitenganishwa hivyo, benchi linatosha.

Mwaka 1979 mtafiti Rubingh alitoa njia ya kupima ukaribu huo kwa namba moja, beta. Sifuri maana yake wawili hawajaliani. Kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo wanavyovutana. Kwati na isiyo na chaji mara nyingi huangukia kati ya −1 na −3: urafiki wa wastani. Kwati na zile za chaji hasi hufika −10, hata −25, na hiyo ndiyo glasi ya maziwa yaliyokatika.

(Vitabu hukiita kizingiti hiki CMC. Usiende nalo neno hilo kwa muuza kemikali, atakupimia unga wa kunenepesha sabuni. Na unga huo una chaji hasi, kwa hiyo ukiutia kwenye BKC utakutana na mabonge yale yale.)

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo, na kwangu ndilo zito zaidi. Kilichomo kwenye miseli hakifanani na kilichomo kwenye dumu. Katika mfano wetu wa nusu kwa nusu, miseli za kwanza kuundwa zina kwati moja tu katika kila molekuli tano, zilizobaki ni Triton. Ukizidi kumimina, kwati nazo huingia kwa wingi, lakini zile zinazobaki huru majini hazifiki tena ule wingi wa 0.9 ambao kwati ikiwa peke yake ingeufikia. Kwa hesabu hiyohiyo zinakomea karibu nusu yake. Miseli zimegeuka ghala, na kila kwati ya ziada inafungiwa ndani.

Kazi ya kuua: keni za maziwa

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo kinachozoeleka cha kwati kwa vyombo vya chakula ni miligramu 200 kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 4 za dawa yenyewe, maana yake gramu 8 za BKC ya asilimia 50, kijiko na nusu hivi cha chai. Ukibadilisha kuwa milimoli unapata zaidi kidogo ya nusu. Kizingiti cha BKC yenye mkia wa kaboni 12 ni karibu milimoli 8, ya kaboni 14 karibu 2. Kwa hiyo ndani ya ndoo ile hakuna miseli hata moja. Kwati zote zinatembea huru, zote zinawinda. Zinavutwa na ngozi ya kijidudu, ambayo ina chaji hasi, zinaingiza mikia yao, ngozi inapasuka na vilivyomo vinavuja.

Tia humo gramu moja ya AE kwa kila lita. Kizingiti cha AE ni kidogo mno, chini ya milimoli 0.1, na wewe umetia karibu milimoli 2. Miseli zimejaa ndoo nzima, na kwati zinakaribishwa ndani. Mikono yako inaona maji laini yanayoteleza, pua inasikia harufu ileile ya dawa, kumbe wawindaji wamepungua. Kama unadhani natia chumvi, waulize watu wa maabara ya vijidudu wanatumia nini kuzima kwati wanapotaka kuhesabu vilivyosalimika. Ni Tween 80 pamoja na lesithini, na Tween 80 ni safaktanti isiyo na chaji.

Kwa keni za maziwa, basi, ushauri wangu ni kwati peke yake, lakini baada ya kuosha, na kuosha kufanywe na dumu la pili. Suuza kwanza kwa maji ya kawaida, siyo ya moto, maana protini ya maziwa ikiiva inashika bati kama gundi. Sugua kwa AE na maji ya vuguvugu. Suuza mpaka uteleze uishe. Ndipo umimine kwati, uache dakika chache, ugeuze keni mdomo chini. Ukiruka kuosha, mabaki ya maziwa yatazikamata kwati kabla hazijafika kwa vijidudu, na itakuwa hasara ileile ya miseli kwa njia nyingine.

Kwa watengeneza mtindi naweka alama ya tahadhari. Vimelea vya mtindi navyo ni bakteria, na vinaogopa kwati kuliko unavyodhani. Mabaki kidogo tu kwenye ndoo yanatosha maziwa yagome kuganda. Mama mmoja alilaumu ng'ombe wiki nzima. Kwa ndoo ya mtindi huwa simuuzii mtu BKC, namwelekeza kwenye klorini na maji ya kusuuza.

Je, isiyo na chaji haina nafasi kabisa kwenye dawa? Inayo, ikiwa kidogo. Chini ya kizingiti chake haina ghala la kumfungia mtu, na inasaidia maji yatambae hadi kwenye mikwaruzo ya plastiki. Shida ni kwamba "kidogo" hapa ni kidogo kweli, na mkono wa mchanganyaji wa Kitanzania hupenda kuongeza. Ukitaka kuuza dumu moja linaloosha na kuua kwa pamoja, inawezekana, viwanda vinafanya hivyo, lakini uwiano wake upimwe maabara dhidi ya vijidudu halisi kabla hujaandika kwenye lebo kwamba inaua. Mimi dumu langu la tatu siliandiki hivyo.

Kazi ya kuosha: jiko la gesti

Huku mizani inageuka. Mafuta ya chipsi yaliyoganda ukutani hayashughuliki na molekuli inayotembea peke yake. Yanahitaji miseli za kuyameza, na isiyo na chaji huzitengeneza kwa gharama ndogo.

Jaribio ninaloonyesha wateja halihitaji mashine. Nakata kipande cha jani la mgomba, nakigeuza upande wa chini wenye ungaunga wa nta, nadondosha matone matatu. Tone la BKC la kipimo cha keni linasimama kama shanga, ukilitikisa linabingirika. Tone la AE, gramu moja kwa lita, linalala na kusambaa huku unalitazama, hadi unaona mishipa ya jani ikiloa. Tone la mchanganyiko wenye AE nyingi linasambaa vilevile. Maji matupu yana mvutano wa uso wa milinewtoni 72 kwa mita, safaktanti nzuri hushusha hadi kama 30, na jani linakuonyesha tofauti hiyo bila namba.

Kwati peke yake kwenye sakafu ina kasoro nyingine. Vigae, kioo na pamba vina chaji hasi vikiwa majini. Kwati hujibandika hapo kwa kichwa, mkia ukiangalia juu, na kigae kinavaa ngozi ya kimafuta. Vioo vinabaki na michirizi, vumbi linashika. Msimamizi mmoja wa gesti aliniambia sakafu yake "inanata hata baada ya kupiga deki mara mbili", na kila ikinata aliongeza dawa. Tulipunguza BKC, tukaongeza AE, kunata kukaisha.

Na deki lenyewe? Tambi za pamba hunywa kwati. Ukilichovya deki kavu kwenye ndoo ya kipimo sahihi, unachokipaka sakafuni kiko chini ya kipimo. Loweka kwanza kwenye dawa, kisha badilisha maji. AE haina tabia hiyo.

Dumu langu la tatu ni sehemu nne za AE kwa sehemu moja ya BKC, na nalipendekeza kwa sakafu, meza na masinki ambapo lengo ni usafi na harufu kutorudi haraka. Kwa nini niiache hiyo sehemu moja, badala ya kuuza AE tupu? Sababu kubwa ni joto, ambalo linafuata.

Baridi ya Julai na maji ya moto

Kila dumu lina adui wake wa hali ya hewa.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai kila mtu anazijua. Setrimoniamu bromaidi haiyeyuki vizuri chini ya nyuzi kama 25, kiwango kinachoitwa joto la Krafft. Nililala huko Julai moja na chupa ya myeyusho wa asilimia 2 dirishani. Asubuhi chupa ilikuwa imejaa sindano nyeupe, nyembamba, zimeshikana kama sufi, zinameta ukiigeuza kwenye mwanga. Haikuwa imeharibika. Niliiweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu na zikayeyuka kuanzia pembeni kwenda katikati. Lakini mteja asiyejua hutumia yale maji ya juu na kumwaga sindano, yaani anaimwaga dawa. Setrimoniamu kloraidi na BKC hazina usumbufu huo kwa baridi yetu, kwa hiyo kama una uchaguzi, chukua hizo. Ukishikiliwa na bromaidi, isiyo na chaji inaiokoa: ikijichanganya kwenye miseli, sindano hazipati nafasi ya kujipanga, na myeyusho hubaki angavu kwenye baridi zaidi.

AE inaogopa upande wa pili. Kichwa chake hushikamana na maji kwa nguvu ndogondogo zinazolegea kwa joto. Chukua ya vipande saba, gramu kumi kwa lita, weka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kipimajoto. Ikifika nyuzi hamsini na kitu, maji yanaingia ukungu ghafla, kijiko cha chini hukioni. Yakipoa, yanaangaza tena. Kabla kidogo ya ukungu AE huosha mafuta vizuri kuliko wakati wowote. Ikishapita hapo inajitenga na maji.

Dondosha sasa BKC kidogo kwenye sufuria ileile, na joto la ukungu linapanda sana. Chaji chache chanya zimeingia kwenye kila miseli, na miseli zenye chaji husukumana badala ya kurundikana. Hapo kwati inamlipa fadhila yule mjomba. Ndiyo maana gesti inayofua na kuosha kwa maji ya moto nisingeipa AE tupu.

Lakini chumvi inaharibu. Wachanganyaji wa slesi wamezoea kunenepesha sabuni kwa chumvi ya mezani. Ukiitia kwenye dumu la tatu, chumvi inazifunika chaji, msukumano unakufa, ukungu unarudi kwenye joto la chini, na sabuni inabaki nyepesi kama ilivyokuwa. Nenepesha kwa haidroksietili selulosi, ambayo haina chaji.

Maji yetu, kwa kifupi

Sabuni ya mche kwenye maji yenye kalsiamu huacha utando wa kijivu kwenye beseni. Kwati na isiyo na chaji hazina shida hiyo. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro yanayotufikia hapa Moshi hayanisumbui. Maji mengi ya upande wa Meru yamebeba sodiamu na bikaboneti kutoka kwenye miamba ya volkano, pamoja na ile floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Floridi yenyewe sijali kwa habari ya sabuni. Chumvi zilizo nyingi ndizo hufunika chaji, kwa hiyo kizingiti cha kwati hushuka, cha AE karibu hakitikisiki. Ukihama na fomula kutoka Moshi kwenda Arusha, pima upya joto la ukungu kwa maji ya huko.

Saluni

Hapa sina ubishi. Unywele uliooshwa na maji ya kawaida una chaji hasi, hasa kwenye ncha zilizochakaa kwa dawa na pasi, na kwati hujishika huko, ikaacha mkia nje, chanuo likapita. Kinachosumbua sakafu ndicho kinachotakiwa kichwani. Mwenzake siyo AE, ambayo ingeisuuza iondoke. Ni setili alkoholi, nta nyeupe isiyo na chaji wala mnyororo wa etilini oksaidi, ambayo hupangana na kwati tabaka kwa tabaka na kuleta ule uzito wa krimu. Nta iwe nyingi kuliko kwati, mara tatu au zaidi kwa idadi ya molekuli. Na shampuu isuuzwe yote kabla ya kondishena, kwa sababu ya ile glasi ya maziwa yaliyokatika.

Mengine ya kukumbuka unaponunua

Povu. Dumu la pili na la tatu hayatoi povu la slesi, na wateja wetu hupima sabuni kwa povu. "Kaka, hii imechakachuliwa?" Nimesikia hilo mara nyingi mno. Nawapa jani la mgomba.

Isiyo na chaji ya bei rahisi sana inaweza kuwa nonilfenoli etoksileti, inayoandikwa NP-9. Inaosha vizuri, lakini ikioza majini huacha nonilfenoli inayovuruga homoni za samaki, na Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.1 kwenye bidhaa za usafi tangu sheria ya mwaka 2003. Mimi nimeiacha. CDE nayo, kama unafikiri kuitumia badala ya AE, ijaribu kwanza na BKC kwenye glasi: nyingine hubeba mabaki ya sabuni yenye chaji hasi, na utaona weupe.

BKC ya asilimia 50 inaunguza. Vaa glavu na miwani, mimina dawa kwenye maji, siyo maji kwenye dawa, usije ukapata povu usoni. Ndoo iliyobaki usiimwage mtoni, iwe Karanga au Themi, kwati ni sumu kali kwa samaki. Hata shimo la choo likipokea nyingi, bakteria wanaoozesha wanakufa na shimo linajaa upesi.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Machame anayekusanya maziwa ya majirani alinisikiliza yote haya akiwa amesimama, mkoba begani. Alikuwa amekuja kununua dumu la tatu kwa sababu jirani yake wa gesti alilisifia. "Kwa hiyo lake silo langu," akasema. Nikamwambia silo, mama. Akachukua lita tano za dumu la pili na nusu lita ya la kwanza, akanitaka nimwandikie kijiko na nusu kwa ndoo ya lita 20 kwa herufi kubwa, kisha akarudi toka mlangoni kuomba vifuniko vya rangi mbili, chekundu kwa dawa na cha bluu kwa sabuni, kwa sababu anayeosha keni jioni ni mjukuu wake wa darasa la sita.